Ule moto wa kutunza asima



Nimekawia sana kuandika habari hii, kwa sababu ndani yake mimi si mutu muzuri. Lakini bibi yangu aliniambia: "Andika. Kama hauandike, mutu mwingine atafanya vile ulifanyaka." Basi ninaandika.

Katika nyumba yetu anaishi mudogo wa bibi yangu, binti wa miaka 26. Tangu utoto wake ana ugonjwa wa asima, ule ambao wengine wanauita pumu. Sisi wa miji ya migodi tunajua kiangazi chetu. Kuanzia mwezi wa tano hakuna mvua, majani yanaunguzwa porini, na makamio yanayobeba mawe ya mugodi yanapita muchana na usiku mbele ya kanisa. Kamio moja likipita, mavumbi yanaingia mpaka ndani ya sahani. Usiku baridi inashuka, tunafunga madirisha, na mbabula ya makala inaingizwa ndani ya nyumba. Kwa mutu wa asima, mambo hayo yote ni adui.

Mwaka jana, katika mwezi wa saba, kijana mumoja wa kwaya alikuja kwangu mbio na telefone mukononi. "Baba Pasta, angalia! Bazungu beko natunza asima na moto!" Nikaangalia. Ilikuwa filamu fupi: mupira mwembamba unaingia katika njia za pumuzi za mutu, na kwenye ncha yake kunafunguka kitu kama kikapo kidogo cha singa. Sauti ilisema kwamba moto wa kikapo kile unatunza asima kali, ile ambayo dawa zimeshindwa.

Kabla ya juma moja kuisha, kanisa lote lilijua. Wamama walianza muchango ili binti yetu apelekwe mbali, wengine wakitaja Afrika ya Kusini, wengine India. Walikusanya dola 340, na mujue kwamba feza ile ilitoka kwa wauza mboga na kwa wachimbaji ambao wengine wao hawakula vizuri juma lile. Lakini muzee mumoja wa kanisa akasema: "Munatafuta mbali juu ya nini? Kama moto wa Bazungu unaponyesha, moto yetu pia utaponyesha. Mumufukize." Nami nikaona ni neno la hekima. Nilifikiri: moto ni moto.

USIKU WA SIKU YA POSHO

Tulichemsha majani ya mukaliptusi katika sufuria kubwa. Saa mbili ya usiku tulimukalisha juu ya kiti kidogo, tukamufunika na blanketi nzito, na mimi mwenyewe nilishika pembe yake ili mvuke usitoke. Akaanza kukohoa. Akasema: "Shemeji, inatosha." Nikamujibu: "Vumilia kidogo." Akakohoa tena, kisha sauti yake ikakatika. Alisimama kwa nguvu atoke, mguu wake ukagonga sufuria, na maji ya moto yakamwangukia kutoka goti mpaka kwenye kidole.

Hakulia. Hakuwa na pumuzi ya kulia. Jambo hilo ndilo silisahau mpaka leo.

Pompi yake ya bulu ilikuwa tupu. Jirani akatoa pikipiki, nikamushika katikati yangu na mwenye kuendesha, na nilisikia kifua chake kikipiga filimbi mugongoni mwa yule kijana. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kwenye lopitalo munganga wa zamu alikuwa mama mumoja kijana. Hakutuuliza mengi. Alimutia hewa ya oksijeni, akamupa dawa ya kuvuta kwa maski, akamupiga sindano. Karibu saa kumi ya usiku binti yetu aliweza kusema maneno matano pamoja. Ndipo munganga akageuka: "Nani alimuweka ku mvuke?"

Nikasema: "Ni mimi."

Akaangalia Biblia iliyokuwa chini ya mukono wangu, akaangalia mguu ulioungua, na hakusema kitu. Ningependa angenikemea.

MOTO ULE NI MOTO GANI?

Binti yetu alilala kule siku 9. Siku ya tatu nilipata ujasiri wa kumuuliza munganga juu ya ile filamu. Nilifikiri atacheka. Lakini alichukua karatasi ya matangazo ya kanisa iliyokuwa mufukoni mwangu, akaandika nyuma yake.

Alichora muti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. "Hizi ni njia za pumuzi," akasema. Kila tawi limezungukwa na musuli mwembamba. Kwa mutu mwenye asima ya miaka mingi, musuli ule unaweza kunenepa, sawa na mukono wa mutu anayebeba mifuko kila siku. Ukikutana na mavumbi, moshi au baridi, unakaza. Wakati huohuo ngozi ya ndani inavimba na makohozi yanajaa. Njia inabaki nyembamba sana, na ndipo tunasikia filimbi.

Basi ule utunzaji, ambao unaitwa termoplastia ya bronki, ulitafuta kupunguza musuli ule. Mugonjwa anapewa dawa ya kumulegeza. Munganga anapitisha katika kinywa au pua mupira wenye taa unaofika ndani ya mapafu. Ndani ya mupira kunapita singa yenye kikapo cha mikono 4 kwenye ncha. Kikapo kinafunguka, kinagusa ukuta wa njia ya pumuzi, na nguvu ya umeme wa namna ya redio inapasha ukuta moto wa digri 65 kwa sekunde 10. Kisha kinafungwa, kinarudishwa nyuma kidogo sana, kinafunguliwa tena. Hivyo hatua kwa hatua, katika njia zenye upana wa milimita 3 mpaka 10. Kazi yote inagawanywa mara 3, na kati ya mara moja na nyingine yanapita majuma 3 hivi: kwanza sehemu ya chini ya pafu la kuume, halafu ya chini ya kushoto, na mwisho sehemu za juu za pande zote mbili.

Kati ya watu wa kwanza kuifanya kwa wagonjwa alikuwa munganga Gerard Cox wa muji wa Hamilton, katika inchi ya Kanada. Mwaka wa 2007 yeye na wenzake walitoa habari za majaribio yao, na mwezi wa ine wa mwaka wa 2010 serikali ya Marekani ilikubali chombo chao kwa watu wazima tu, wa miaka 18 na zaidi, wenye asima kali ambayo imeshindikana hata kwa pompi za nguvu zinazotumiwa kila siku.

"Sasa angalia, Baba Pasta," munganga akaniambia. "Moto ule ni digri 65, pahali padogo, sekunde 10, na mutu mwenye kufundishwa anauona kwa macho. Maji yanayochemka yanakaribia digri 100. Mvuke wako unaunguza uso, kinywa na koo. Ule musuli haufikie hata kidogo. Na yule mwenye njia zilizokwisha kukaza, mvuke unaweza kumukazia zaidi."

Nilikuwa nimesema moto ni moto. Ni kama mutu kusema kisu ni kisu, akampeleka mugonjwa wake kwa muchinja mbuzi.

WATU 288

Lakini bado nilikuwa na zile dola 340 katika sanduku, na nilitaka kujua kama njia ile inaponyesha kweli. Munganga alinieleza jaribio kubwa lililotangazwa mwaka wa 2010. Walichukua watu wazima 288 wenye asima kali. Watu 190 walipata moto. Wengine 98 walilazwa vilevile, mupira ukaingizwa vilevile, lakini moto haukuwashwa. Na wao hawakujua.

Kiisha mwaka mumoja waliwauliza juu ya maisha yao. Katika watu 100 waliopata moto, 79 walionekana kuishi vizuri zaidi kuliko mbele. "Mungu asifiwe," nikasema. Munganga akainua kidole: "Ngoja. Na wale wasiopata moto?" Kati ya watu 100 wa kundi lile, 64 nao waliishi vizuri zaidi.

Ndugu zangu, nilikaa kimya kwa muda murefu. Mimi ni mutu wa kusikiliza ushuhuda. Kila siku ya Mungu watu wanasimama mbele yangu na kusema: nilikuwa mugonjwa, wakanifanyia hivi, sasa ni muzima. Siwezi kusema wale 64 walidanganya. Walisema kweli namna walivyojisikia. Mutu akitunzwa, akiangaliwa, akifuatwa kila mara, na akitumia dawa zake vizuri kwa sababu waganga wanamuuliza, anajisikia vizuri zaidi. Lakini kama hakukuwa na lile kundi la pili, wote wangesema ni moto tu uliofanya kazi. Tangu siku ile ninaelewa kwa nini mutu anatoka kwa mufumu na chanjo kwenye kifua, akasema amepona, kisha mwezi unaofuata tunamupeleka lopitalo usiku.

Hata hivyo tusidharau ile kazi. Wale waliopata moto walikuwa na mashambulio makali pungufu karibu sehemu moja ya tatu, na safari za haraka za kwenda lopitalo zilipunguka zaidi sana, 84 kwa mia. Lakini gharama ilikuwapo. Katika majuma ya kutunzwa, watu 8 hivi kwa mia walilazwa, na katika kundi lingine 2 kwa mia, kwa sababu njia zilizopashwa moto zinakasirika kwanza mbele ya kutulia. Nguvu ya kupuliza hewa, ile inayopimwa na chombo, haikubadilika kuliko ya wengine. Na hakuna aliyeambiwa atupe pompi yake. Ule moto haukuwa wa kuponyesha asima. Ulikuwa wa kuipunguzia ukali kwa wachache.

Kisha zilitokea sindano mupya, zinazofunga njia ya ugonjwa ndani ya damu. Ya kwanza ilikubaliwa Marekani mwaka wa 2003, nyingine kuanzia 2015, na waganga wengi wakageukia huko. Mwaka wa 2020 washauri wa asima wa Marekani waliandika kwamba kwa wagonjwa wengi hawashauri ule moto, isipokuwa kwa mutu aliyeelezwa vizuri hatari na faida naye akachagua.

SWALI MOJA DOGO

Nikamuuliza: "Basi, mama munganga, tumupeleke ao tusimupeleke?"

Akanijibu: "Mbele ya kumupeleka mbali, nionyesheni namna anatumia pompi."

Tukaenda kwenye kitanda. Binti yetu akachukua pompi, akafungua kinywa, akajipulizia juu ya ulimi, akafunga kinywa. Ni hivyo tu. Munganga akasema polepole: "Umekula dawa. Haukuivuta." Dawa ilibaki kinywani na kooni, na ndani ya mapafu ikafika kidogo sana.

Kisha akauliza: "Na ile pompi ingine, ya maroni, ya kila siku, iko wapi?" Kwa maana kuna pompi mbili, na wengi wetu hatujui tofauti. Ya bulu, salbutamoli, inalegeza musuli upesi wakati wa shambulio. Ile ya pili ina dawa ya kuzuia uvimbe, kama beklometazoni au budesonidi. Mutu haisikii ikifanya kazi palepale, lakini akiitumia kila siku, kiisha majuma inatuliza njia zote. Tangu mwaka wa 2019 kitabu cha waganga wa dunia yote juu ya asima hakikubali tena mutu mukubwa atunzwe kwa pompi ya bulu peke yake.

Binti yetu aliangalia dada yake, kisha akaniangalia mimi. "Shemeji, niliitupaka."

"Ulitupa lini?"

"Ile usiku ya maombi. Uliposema."

Nikakumbuka. Ilikuwa miaka miwili mbele ya hapo, katika maombi ya usiku muzima. Nilihubiri juu ya imani, na kwa moto wa mahubiri nilisema kwamba kuna watu wanaolala na pompi chini ya mto kuliko kulala na Mungu. Watu walipiga makofi. Ni neno tamu, linaloenda vizuri katika kipaza sauti. Asubuhi yake binti yetu alitupa pompi ya kila siku katika choo, akaficha ile ya bulu ili mimi nisiione. Kwa miaka miwili aliishi katika nyumba yangu akitumia dawa kwa siri, kama mutu anayekunywa pombe.

Asima yake haikukataa dawa. Dawa haikumufikia, na njia niliifunga mimi.

Nilitoka inje, nikaketi kwenye ukuta pamoja na wale wanaongojea wagonjwa. Nilisoma shule ya Biblia miaka mitatu. Ninajua vizuri kwamba Paulo alimushauri Timoteo atumie kitu kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, wala hakumushitaki kwa kukosa imani. Nilifundisha habari ile mara nyingi. Siku moja tu nilitafuta makofi, na mutoto wa nyumba yangu akalipa.

SINGA NA CHUPA

Munganga alitufundisha jambo moja la mwisho. Pompi peke yake ni ngumu kutumia vizuri, zaidi kwa watoto. Kunahitajika chombo cha katikati ambacho dawa inaingia kwanza, kisha mugonjwa anaivuta taratibu. Kile cha dukani ni bei kali. Lakini mwaka wa 1999 waganga wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walionyesha kwamba kwa watoto chupa ya plastiki ya mililita 500, ile ya vinywaji, inafanya kazi sawasawa na kile cha dukani.

Bibi yangu alitengeneza yetu. Alikunja singa ya chuma kwa kipimo cha kinywa cha pompi, akaiweka juu ya makala mpaka ikawa nyekundu, akaichoma chini ya chupa. Tundu likatoka, pompi ikaingia na kukaza, akaziba pembeni na gundi. Akaosha chupa na sabuni, akaiacha ikauke yenyewe bila kuipangusa. Mugonjwa anaweka kinywa cha chupa katika kinywa chake, anapuliza dawa mara moja ndani, anavuta polepole. Kiisha ile ya kila siku anasukutua kinywa na maji.

Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikasema: "Neno nililohubiri juu ya pompi lilikuwa kosa. Ninaomba musamaha kwa Mungu, kwa shemeji yangu, na kwa kila mutu aliyetupa dawa yake kwa ajili yangu." Kiisha ibada watu watatu walikuja mumoja mumoja. Wawili walikuwa wamama wenye watoto.

Juu ya dola 340 tulikuwa na mukutano mugumu. Wengine walikasirika: tulitoa kwa ajili ya safari, si kwa chupa. Binti yetu mwenyewe akasimama na bandeji mguuni, akasema: "Mimi sitaki kwenda. Nataka pompi ya kila mwezi, na wale wengine pia wapate." Feza ikanunua pompi kwa watu 5, na iliyobaki ililipa uchunguzi kwa wale ambao hatukujua ugonjwa wao. Ilikuwa vizuri kufanya hivyo. Muzee mumoja aliyesema ana asima alionekana ana kifua kikuu, akaanza dawa zake. Na mwanaume mumoja anayesaga mawe alijifunza kwamba kobalti yenyewe ni moja ya vitu vinavyoweza kuleta asima kazini, na kwamba pumuzi yake ilikuwa inafungua siku asizofanya kazi. Yeye bado anatafuta kazi ingine, na bado hajapata. Muniombee pamoja naye.

Binti yetu hakupona asima. Mwezi wa kumi na moja, kwa mvua za kwanza, alipata shambulio usiku. Lakini chupa ilikuwa dirishani, sisi wote tulijua la kufanya, na asubuhi alikwenda kazini. Mbabula haiingii tena ndani ya nyumba. Mbele ya mulango tunamwanga maji ili mavumbi yalale.

Vijana, munaotuletea habari katika telefone, musiache kuzileta. Lakini mulete pamoja nazo maswali: wanatunza nani, mara ngapi, na wale wasiotunzwa walikuwaje? Wazazi, mutoto asiyeweza kumaliza neno kwa kukosa pumuzi, ambaye ngozi ya mbavu inaingia ndani akivuta hewa, ao midomo inageuka rangi, musimufukize. Mumupe pompi ya bulu kwa chupa, mara 4 mpaka 10, mukirudilia kila dakika 20, na wakati ule mukiwa njiani kwenda lopitalo.

Na ninyi wachungaji wenzangu, mukiisha kusoma, mwulizeni mutu wa asima katika nyumba yenu pompi yake iko wapi. Muulize kwa sauti ya upole. Anaweza kuwa ameificha.